Kitanda Chenye Sifa

Tulikuwa wanne uani kwetu, Mtoni, Temeke: mie, mume wangu Saidi, bibi yake mzaa baba aitwaye Bi Tatu, na jirani yetu Mama Rehema, aliyekuwa anamwoza binti yake Rehema. Siku hiyo, mwanangu, naikumbuka kwa harufu.

Saidi alikuwa fundi wa kuunda mashua. Boti za faiba zilipoingia, mashua za mbao zikakosa wateja, tajiri akafunga karakana, mafundi wakarudi majumbani. Wengine walikwenda Tandale kubeba magunia. Saidi yeye alikaa tu barazani. Mie nikazima redio, nikawakataza watoto kucheka, utadhani ndani kuna maiti.

Mama Rehema ndiye aliyemwinua, akamwagiza kitanda cha bibi harusi. Saidi akakiunda kama alivyozoea: kila kiungo akakiziba kwa pamba, halafu akakipaka sifa, yale mafuta ya papa ya kuzuia maji yasiingie kwenye mashua. Kitanda kizuri, hakitikisiki, lakini paka wa mtaa mzima walijaa uani.

Mama Rehema akaziba pua. "Fundi, mwanangu anaolewa, haendi kuvua!"

Saidi akainamisha kichwa. "Basi. Kesho nauza patasi na msumeno."

Nikaanza kumpoza kwa sauti ya msibani. Bi Tatu akanikatiza: "We Asha, acha kumkalia matanga mtu mzima wa afya!" Kisha akajilaza juu ya kile kitanda, akajigeuza huku na huku, akamtania mjukuu wake: "Mume wangu, kitanda chako kina sifa kweli, zimefika mpaka Mbagala! Hiki kiwe chetu mie na wewe, tusafirie Pemba. Bibi harusi mtengenezee cha nchi kavu."

Saidi alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu karakana ifungwe. Asubuhi akaanza kingine, bila pamba, bila mafuta, na vitanda ndivyo vilivyotulisha miaka yote.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ya mwenzio ikifa, usimzike na yeye. Mwache aikosee hiyo kazi mpya, mcheke pamoja, ajaribu tena. Nawe ikifa yako, usiuze vifaa vyako siku ya hasira. Mungu akujalie mikono yenye shughuli na nyumba yenye kicheko. Na kama nimechanganya jina au neno, nyie mnaojua nisahihisheni. Rehema yupo, anakilalia kitanda chake mpaka leo, muulizeni.