Mikono ya Latifu Baada ya Adhuhuri

Latifu alianza kuiogopa mikono yake mwaka huu, mwezi wa saba, na mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Tunatumia baraza moja hapa Kamembe, nyuma ya soko. Cherehani yangu iko upande wa barabara, na meza yake iko ndani kidogo, imejaa televisheni, redio na simu zilizofunguliwa. Jina langu ni Laurence, ila wote hapa wananiita Maman Gaju. Yeye ni Mwislamu, mimi naenda misa, na kwa miaka tisa tumegombana kwa kila jambo isipokuwa dini.

Alizaliwa Bukavu, akajifunza kutengeneza redio kwa mjomba wake huko, kisha familia ikavuka mpaka kurudi upande huu. Ni mtu wa taratibu mpaka anakera. Kila skrubu anayoifungua huiweka juu ya karatasi aliyoichora mwenyewe, kuonyesha imetoka wapi. Alfajiri huswali nyumbani, magharibi msikitini, lakini adhuhuri huswali palepale dukani, kwa sababu hawezi kuacha vitu vya watu vikiwa wazi mezani akaondoka. Miaka yote aliswalia mkeka wa matete uliokwisha kuchanika pembeni. Ule mkeka uliniudhi. Basi Idi ilipofika nikampa kipande cha zulia la nailoni, zito, la buluu, kilichobaki kwenye kazi ya hoteli moja pale ziwani. Nilikipinda kingo kwa uzi wa kijani. Alifurahi sana, hata akasahau kunikosoa.

Mvua zilipokatika, vitu vikaanza kufa. Kwanza ilikuwa simu ya mwalimu mmoja, ilizimika mkononi mwa Latifu na haikuwaka tena. Halafu bodi ya sola. Halafu televisheni, ambayo ilitoka hapa ikiwaka vizuri, ikakaa siku mbili kwa mwenyewe, ikazima kabisa. Latifu akaketi na karatasi zake akihesabu siku na saa. Vitu alivyovigusa asubuhi vilikuwa vizima. Vilivyokufa alikuwa amevigusa akitoka kuswali.

Aliniambia hayo kwa sauti ya chini, macho yakiwa barabarani. Nilicheka, nikamwambia labda amechoka, aende akapime macho. Hakucheka. Alisema hajui amefanya nini, lakini kama swala yake inarudishwa na Mungu, angependa kujua kosa. Hapo kicheko kiliniisha. Hakuacha kuswali. Ila kila adhana ya adhuhuri ilipolia, nilimwona anavyoviangalia vidole vyake kabla ya kuvua viatu.

Siku ya Alhamisi Maman Mukamana akashuka kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, mbele yetu, ametoka Gashonga, amekumbatia mashine kubwa nyeupe kati yake na dereva. Ilikuwa mashine ya oksijeni ya mume wake, Mzee Anastase, ambaye mapafu yake yaliharibika na sasa hawezi kukaa saa moja bila ule mpira puani. Mashine ilizima usiku. Fundi wa mashine za hospitali alikuwa safarini hadi wiki ijayo. Nyumbani walikuwa na chupa moja ya oksijeni, imebaki nusu, na jirani alikuwa ameketi kando ya mzee akiangalia mshale unavyoshuka. Wakibahatika ingefika magharibi.

Latifu alirudi nyuma hatua mbili. Akamwambia aende kwa fundi mwingine, akamtajia hata njia. Maman Mukamana alisema ameshapita kwa mafundi wawili na wote wamekataa, kisha akaketi kwenye benchi langu kama mtu aliyefika kwake. Latifu alinitazama. Nadhani alitaka nimfukuze yule mama kwa niaba yake. Nikampisha tu nafasi ya kuweka miguu.

Akaifungua. Alifanya kazi asubuhi yote, jasho likimdondoka puani, na kabla ya saa sita alikuwa amepata kipande kilichoungua na kuunga kingine. Ilibaki kuirudisha bodi mahali pake na kufunga. Adhana ikalia.

Alisimama, akaitazama ile bodi, akatazama zulia. Niliogopa kwa ajili yake. Ningeweza kumwambia amalize kwanza, dakika kumi tu, lakini nani mimi nimwambie mtu habari za Mungu wake? Akavua viatu, akaswali kwa soksi kama siku zote, akakawia kwenye sijda. Halafu akaja moja kwa moja mezani, akaishika bodi.

Akaiachia palepale. Akaniuliza kama nimesikia. Sikuwa nimesikia kitu. Alisema kuna kitu kimelia tak, kidogo sana, kwenye ncha ya kidole. Akaifunga hivyohivyo, akachomeka waya, na mashine ikaguruma, taa ya kijani ikawaka, hewa ikatoka kwenye mpira. Maman Mukamana aliweka shavu lake pale inapotoka hewa akaanza kulia.

Latifu hakushangilia. Alirudi kulikunja zulia, akilisugua kwa soksi huku na huku, kisha akaniomba mkasi akate tepu. Nikamnyooshea mkasi wangu mkubwa wa chuma. Kabla hajaugusa, cheche ikaruka, ikatuuma sote wawili.

Mimi ni fundi wa nguo. Cheche hiyo naijua tangu nilipokuwa najifunza kazi. Kitambaa cha nailoni wakati wa kiangazi hulia, hugandana, hukuuma vidole, na kabla ya kukikata lazima ushike chuma cha cherehani au upitishe kitambaa chenye maji. Kila fundi cherehani wa Kamembe anajua. Na mimi niliyejua ndiye niliyempa mtu nailoni aikanyage kwa soksi, halafu akaguse vitu ambavyo kidole chenye umeme huviua. Nilimwambia palepale, nikihema. Latifu alifumba macho.

"Statiki," alisema. "Si swala. Ni statiki."

Nilidhani atapumua. Lakini fundi huyu hawezi kufikiri jambo nusu. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba ile tak ilikuwa ndani ya bodi ya mzee, na kwamba kifaa kikishaumizwa hivyo kinaweza kufa papo hapo, au kikaguruma saa mbili, siku mbili, kama ile televisheni, kisha kizime. Hakuna kipimo alichokuwa nacho cha kumwambia lini.

Maman Mukamana alikuwa ameshaita moto. Nikamshika Latifu mkono, na maneno haya niliyasema mimi, siyakatai.

"Latifu, nyamaza tu. Masini inatembea. Usiweke huyu mama pressio ya bure."

Aliutoa mkono wake taratibu. Akaenda hadi kwenye moto, akamweleza yote: zulia, kidole, televisheni iliyokaa siku mbili. Alisema hawezi kuapa kwamba itafika hata Gashonga. Nilitaka ardhi inimeze. Maman Mukamana alimsikiliza hadi mwisho, mikono yote miwili juu ya mashine.

"Uko unaogopa?" alimuuliza.

"Niko naogopa, Maman. Sana."

"Basi kuya uogopee kwetu. Miye peke yangu siweze."

Latifu akaokota bisibisi zake, chuma cha kuungia na vipande viwili vya akiba, akapanda moto ya pili. Viatu alivikumbuka wakiwa wameshaanza kuondoka, nikamtupia.

Njiani walisimama kwenye kituo cha afya. Muuguzi alikataa kutoa chupa nyingine, kwa kuwa mashine imeshapona. Latifu akamweleza habari ya zulia hadharani, mbele ya wagonjwa, mpaka akapewa chupa ndogo. Walifika, wakamhamishia mzee kwenye mashine. Ikaguruma usiku kucha, na Latifu akakaa kwenye kigoda kando yake, mkono kwenye koki ya chupa. Ijumaa asubuhi alinipigia simu kwamba bado inaendelea. Nilimwuliza sasa anangoja nini, wateja wake wamejaa barazani. Akasema anangoja ifike siku ya tatu. Nilikata simu kwa hasira.

Jumamosi, Maman Mukamana alipokuwa shambani kuchimba muhogo na jirani amekwenda sokoni, mashine ilizima. Haikukohoa wala kupiga kengele, ilinyamaza tu. Mzee Anastase alikuwa amelala. Latifu alifungua chupa kabla midomo ya mzee haijabadilika rangi. Akavua soksi, akasimama peku kwenye udongo, akashika nondo za dirisha, ndipo akaifungua bodi. Kipande kilikuwa kimekufa palepale alipokigusa Alhamisi. Ilimchukua karibu saa nzima kuunga kingine, na chupa ikatosha.

Aliporudi hakunisimanga. Alitandika mkeka wake wa zamani na kuendelea na kazi. Zulia nililichukua mimi, nikalikata vipande kwa mkasi uleule, nikavitupa jalalani.

Mzee bado anapumua, mkewe hunisalimia kila akija sokoni, na siku moja aliniletea mkungu wa ndizi kwa sababu ati ni mimi niliyegundua ile cheche. Niliupokea. Sijamwambia kwamba ningesikilizwa mimi, siku ile ya Jumamosi mume wake angekuwa peke yake ndani ya nyumba.