Rufus Hana Nafasi Katikati

Nakumbuka Jumamosi ile, saa tisa na robo mchana, mvua inanyesha Landover nzima, huku Marekani tulikohamia, nami nimekaa mezani kwa Babu Walter wa ghorofa ya chini. Mwanangu, bado sijakuzaa. Nina miaka kumi na sita, na hata kusalimia watu kwenye lifti kunanishinda. Lakini nakuandikia mapema, kabla sijasahau.

Babu Walter alikuwa dereva wa basi. Kiswahili alikisoma darasa la jioni, kwa hiyo ni cha kitabu, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mezani kwake Kiingereza ni marufuku. Tunacheza besiboli ya kadi na dadu: kila kadi ni mchezaji, na nyuma yake pameandikwa anacheza upande gani wa uwanja na anadaka vizuri kiasi gani. Anayeshinda anakaa na sanduku la kadi wiki nzima. Miezi mitatu sikuwahi kulibeba. Nililitaka nicheze na Mama, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia, na ambaye kila nikimwomba kitu hujibu, "Sina nafasi, mami."

Siku hiyo nilikuwa mbele kwa pointi moja, na Babu anacheza zamu yake ya mwisho. Dadu zikaamua mchezaji wangu wa katikati ameumia. Nikamtoa Rufus, mdakaji wangu wa kushoto, nikamsogeza katikati.

"Binti, Rufus hana nafasi katikati."

Mimi nikasikia kwa masikio ya nyumbani: maskini, hajawahi kupewa nafasi! Kaachwa kushoto maisha yake yote, hakuna anayemwamini. Nikamwonea huruma, pengine kwa sababu namjua mtu kama huyo.

"Basi mimi nampa."

Babu akainua nyusi. "Haya, mpe."

Akarusha dadu. Mpira ukaenda moja kwa moja katikati, ukampita Rufus. Pointi mbili, mchezo kwisha.

"Lakini si anadaka vizuri!"

"Kushoto." Akageuza kadi. Pa kuandika katikati palikuwa patupu; kumbe nafasi yake ni mahali pa kucheza. "Hana nafasi, nilikwambia. Ulimsoma?"

"Nilimhurumia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Rufus hakuomba huruma, binti. Aliomba kushoto."

Sanduku likabaki kwake. Ila nilipofika mlangoni akanipa kadi ya Rufus na dadu mbili. "Nenda naye. Mjuane."

Bado najiuliza, mwanangu. Macho yale yale, mikono ile ile, hatua chache tu pembeni, kwa nini mtu apotee? Babu anasema katikati mpira unakujia usoni, huwezi kujua uko karibu au mbali. Labda. Nitamuuliza tena.

Ninachojua ni hiki: kabla hujamhamisha mtu, hata kwa wema, msome. Muulize yuko wapi vizuri. Na wewe ukihamishwa, sema, usinyamaze kama mama yako. Mungu akuweke panapokufaa, akupe na watu wa kukuuliza.

Asubuhi yake Mama alirudi kutoka zamu, viatu bado mguuni. Nikaweka kadi ya Rufus na dadu kando ya chai yake.

"Mama, una nafasi?"

Akatazama saa, akavuta kiti. "Kidogo." Akaigeuza kadi. "Na huyu jamaa, yeye huchezanga wapi?"

Nikamsogezea dadu.