Mafaili Sitini na Matatu Yasiyo na Mkia

Kwa miaka kumi na moja Dada Mkubwa hakuwa ameingia ndani ya nyumba ya mdogo wake, ingawa alikuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, na hakuwahi kuchelewa. Alifika barazani, akavuta kiti cha chuma chenye mto wa kijani, akaulizia hali ya kila mtu wa nyumba hiyo mmoja mmoja, akapokea chai kupitia dirisha, na ilipotimu saa kumi na moja akaaga. Mvua ikinyesha alisogeza kiti ukutani. Ikinyesha kwa upepo alifungua mwavuli. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na ndani kulikuwa na makochi matatu.

Chanzo kilikuwa cherehani. Siku mama yao alipotimiza miaka themanini, watu walikusanyika uani, na bibi huyo akasema mali yake kidogo iende kwa nani. Masijala, yaani huyo mdogo wake, alimsikia akisema cherehani kibaki kwake kwa ajili ya binti yake. Dada Mkubwa alimsikia akisema ni chake yeye. Wote wawili walisikia vizuri sana, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kumuuliza tena, na wiki tatu baadaye mama akafariki. Cherehani kikabaki pembeni ya sebule ya Masijala chini ya kitambaa cha maua. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kushona. Dada Mkubwa naye hakujua.

"Siku utakayonionyesha mama akisema hayo kwa kinywa chake," alikuwa amesema wakati ule, "nitaingia. Mpaka siku hiyo baraza linanitosha."

Masijala hakuitwa hivyo na wazazi wake. Jina alilipata kazini, katika masijala ya idara ya maji, alikokaa miaka thelathini na minne akipokea majalada, kuyapa namba na kuyapanga, na mara mojamoja, kwa shingo upande, kuyatoa. Aliishi kwa sheria moja: karatasi isiyo na namba haijazaliwa. Alipostaafu sheria alikuja nayo nyumbani. Funguo zilikuwa na namba. Dawa zake za presha zilikuwa na namba, na namba hizo hazikuwa za kipimo. Mke wake, mkunga mstaafu, alikuwa amezoea kukaa na watu wanaohangaika juu ya jambo litakalotokea tu lenyewe, kwa hiyo walielewana.

Sasa, sherehe ile ilikuwa imerekodiwa. Shemeji yake Masijala, yaani kaka wa mkewe, alikuwa na kamera ya mkanda, na baadaye alihama akaondoka na kila kitu. Mwaka huu, alipokuwa akihama tena, aliikuta mikanda ndani ya sanduku la viatu, akaipeleka duka la picha ikahamishiwa kwenye diski, akaituma. Ilikuwa kiboksi cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, na waya mfupi. Kikaratasi kilichoambatanishwa kilisema: "Yamo yote. Mimi sijaangalia."

Alhamisi jioni binti, anayefanya kazi kwenye duka la dawa, aliichomeka diski nyuma ya televisheni. Ikakubali mara moja. Ikatokea orodha ndefu ya majina, binti akafungua la kwanza, wakaona majani na miguu ya watu ikipita.

"Mjomba hakujua kamera imewaka," binti akasema. "Niendelee, baba?"

"Zima. Ushahidi haufunguliwi upande mmoja ukiwa haupo. Keshokutwa shangazi yako anakuja."

Kilichomkera hata hivyo hakikuwa majani wala miguu. Kilikuwa majina. *MOV0001.mp4. MOV0002.mp4.* Kufika katikati yalikuwa yamegeuka *VTS ishirini na kitu nukta avi*, bila sababu yoyote iliyotolewa. Sitini na matatu yalikuwa hivyo. Mtu aliyehudumu miaka thelathini na minne hawezi kumkaribisha dada yake kwenye kabati la namna hiyo.

Ijumaa, binti akiwa kazini, Masijala alifungua laptopu yake, ambayo alishafundishwa kuitumia kusoma magazeti, akachomeka diski, akafungua daftari jipya lenye jalada gumu. Akachora mistari. Safu ya kwanza: jina la zamani. Safu ya pili: jina la usajili. Faili la kwanza likawa *FM-80-01*, yaani Familia, Miaka Themanini, Moja. Alitaka kutumia mkwaju, ule mstari ulioinama, badala ya kistari, kama ilivyo kanuni, lakini kompyuta ilikataa mkwaju, akaandika pembeni kwamba ni udhaifu wa mashine. Zile herufi za mkiani, baada ya nukta, alizifuta. Hazikuwa sehemu ya mfumo wowote alioujua.

Kompyuta ikamuuliza: ukibadilisha sehemu hii, faili linaweza lisifunguke. Una uhakika?

Masijala hakuwahi kuulizwa swali hilo ofisini na jibu likawa hapana. Akabonyeza Ndiyo. Akalibonyeza mara sitini na tatu.

Jumamosi saa tisa kiti cha chuma kilikuwa kimehamishiwa mbele ya dirisha, na televisheni imegeuzwa kutazama nje, kiasi kwamba waliokuwa sebuleni wangelazimika kuitazama ubavuni. Ndivyo makubaliano yalivyokuwa: Dada Mkubwa aone kwanza, kisha aingie.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Presha?"

"Imeshuka."

"Haya, nionyeshe."

Masijala akashika rimoti kama mtu anayekata utepe. Akaingia kwenye diski. Televisheni ikafikiri, ikaandika: *Hakuna faili linaloweza kuchezwa.*

Akachomoa. Akachomeka. Hakuna faili. Akahamia tundu la pili. Hakuna faili. Akaigeuza diski chini juu, jambo ambalo hata yeye hakuweza kulieleza alipoulizwa.

"Mama amesema nini?" sauti ikauliza kutoka dirishani.

"Subiri kidogo, dada."

"Nimesubiri miaka kumi na moja, mdogo wangu. Nimezoea."

Akaingia kwenye ukurasa wa maelezo. Pale televisheni ilisema diski imejaa zaidi ya nusu. Akarudi kwenye orodha. Hakuna faili. Alikaa chini. Kabati lilikuwa zito, na halikuwa na jalada hata moja. Katika maisha yake ya kazi alishaona majalada yakipotea. Hakuwahi kuona yakipotea huku uzito wake umebaki.

"Jana yalikuwepo," alimwambia mkewe. "Nimeyaona kwa macho yangu. Nimeyapanga kwa mikono yangu."

"Basi yapo," mkewe akasema.

"Lakini hayapo."

"Basi hayapo. Usipandishe presha."

Akaitwa jirani, Fundi Antena, ambaye hakuna chombo cha umeme alichokosa kukitolea maoni. Alimsalimu mwalimu barazani, maana Dada Mkubwa alikuwa amefundisha nusu ya mtaa kusoma, akaja kuichunguza diski, akaipima kwa kiganja.

"Mzee, hii imechoka safari."

"Alhamisi ilikuwa inacheza."

"Ndiyo mwanzo wa uchovu huo. Au televisheni yako ni ndogo kwa mzigo huu. Au waya." Akachukua rimoti, akapekua mpaka mahali ambapo Masijala hakuwahi kufika. "Ona, huku kuna mahali pa kuisafisha. Inafuta yote, inaanza upya. Nibonyeze?"

"Inafuta nini?" mke wa Masijala akauliza.

"Yote."

"Na baada ya kufuta yote, mama mkwe tutamwona wapi?"

Fundi Antena akalifikiria swali hilo kwa haki. "Hapo sasa," akasema, akairudisha rimoti mezani.

Barazani, Dada Mkubwa alikohoa kikohozi cha mtu mwenye afya njema. "Mimi nilijua. Mama angesema ulichodai, mashine ingemwonyesha. Hata mashine inaona aibu."

Masijala akampigia binti yake simu.

"Baba, nina foleni. Ndiyo mama, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Siyo wewe, baba. Sema."

"Televisheni inasema hakuna faili. Diski inasema imejaa. Nani kati yao anadanganya?"

"Ulifanya nini jana?"

"Nimesajili tu."

"Umesajili vipi? Baada ya kula, mzee, baada ya kula. Baba, umebadilisha majina?"

"Nimeyapa majina. Hayakuwa nayo."

Mashine ya risiti ikasikika. "Baba, zile herufi za mwisho. Nukta, emu, pii, nne. Umezifanyaje?"

"Ule mkia? Nimeukata. Haukuwa na maana."

"Televisheni inatambua faili kwa mkia. Halina mkia, kwake halipo."

Masijala alitazama televisheni. Kwamba kitu kinaweza kuwa na namba, tarehe na mahali pake, na bado kisitambulike kwa kukosa herufi tatu za nyuma, ni jambo ambalo hakuweza kulipokea kwa siku moja.

"Laptopu ipo mezani," binti akaendelea. "Rudishia kila moja mkia wake. Lakini angalia, mengine ni mp4, mengine ni avi. Ukiweka wa mwenzake linaweza kugoma. Sijui utakumbukaje yalikuwa yapi."

"Mwanangu," Masijala akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilisimama wima, "kumbukumbu ipo."

Akaleta daftari. Hapo likazuka tatizo jingine. Miwani yake ilikuwa ya kusomea. Ilifaa kwa daftari, lakini kwenye kioo cha laptopu herufi zilivimba zikawa ukungu. Akiivua, kioo kilikaa sawa na daftari likapotea; jana alikuwa ameivaa na kuivua kutwa nzima. Akamwomba mkewe asome, yeye aandike. Fundi Antena alibaki amesimama, kwa ushauri.

"Emu, oo, vii," mkewe akasoma pale daftari lilipofunguka, "sifuri sifuri moja… hii ni moja au saba?"

"Ni saba."

"Mbona imesimama kama moja?"

"Saba!" ikasema sauti dirishani. "Nilimfundisha kuandika saba mimi mwenyewe, ana miaka mitano, na mpaka leo anaiandika kama moja iliyopata kiungulia. Nipe hapa nisome mimi."

Mkewe akalipeleka daftari dirishani. Dirisha lilikuwa na nondo, na nyuma ya nondo wavu wa mbu, na kwenye wavu palikatwa tundu miaka kumi na moja iliyopita kwa kipimo cha kikombe cha chai. Daftari lilikataa kupita kwa ubapa, likakataa kwa wima. Jalada lilikuwa gumu. Masijala alikuwa amelichagua kwa sababu hiyo hiyo.

"Nisomee sasa, dada," Masijala akaita bila kuinua macho kutoka kwenye kioo. "Ya kwanza ni ipi?"

"Subiri, bwana, halipiti."

Zikasikika hatua. Dada Mkubwa akaingia mlangoni na mwavuli wake, akapita katikati ya makochi, akamnyang'anya wifi yake daftari, akatafuta pa kukaa karibu na meza, na kwa kuwa karibu na meza hapakuwa na kingine, akakalia kigoda cha cherehani. Mke wa Masijala alifungua mdomo. Akaufunga. Fundi Antena alimtazama yeye, akaufunga wake pia, na hiyo kwake ilikuwa kazi kubwa.

"FM-80-01. Nukta, emu, pii, nne," Dada Mkubwa akasoma. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mbili. Hivyo hivyo. Mwandiko gani huu."

Walirudisha mikia kumi na miwili, diski ikarudi kwenye televisheni, wakaona majani, miguu, keki, majani tena. Wakarudisha kumi na mitatu mingine. Faili la ishirini na tano, lenye mkia wa avi, likafunguka juu ya kiti cha uani, na kwenye kiti alikuwa mama yao.

Alikuwa mdogo kuliko walivyomkumbuka. Alinyoosha kitambaa mapajani, akaanza kuzungumza, mdomo ulionekana ukisema *cherehani*, na papo hapo mbele ya kamera wakapita watu wawili wakasimama, migongo kwa mama, wakizungumza kwa sauti ya juu.

"Viti ni arobaini na viwili," alisema Masijala wa wakati ule. "Ninayo orodha."

"Arobaini. Nimevihesabu mwenyewe," alisema Dada Mkubwa wa wakati ule.

"Orodha inasema…"

"Orodha haikai, watu ndio wanaokaa!"

Katikati ya mabega yao mama aliendelea kusogeza mdomo kwa muda mrefu, kwa utulivu, akionyesha kidole huku na kule. Kisha akanyamaza. Akaitazama kamera moja kwa moja.

"Hawa wawili wakinyamaza," akasema, na hapo alisikika vizuri, "nitarudia."

Faili likaisha.

Televisheni ikarudi kwenye orodha. Masijala alikuwa ameshika rimoti na hajui aibonyeze wapi. Miaka kumi na moja alikuwa akiisikia ile sentensi kichwani, neno kwa neno, na sauti ya mama ikiwemo. Alimgeukia dada yake. Yeye alikuwa ameinamia daftari, akipitisha kidole kwenye safu ya kwanza, taratibu, kama mtu aliyesahau anatafuta nini.

"Viti vilikuwa arobaini," akasema baadaye.

"Na viwili."

"Alisema atarudia," mke wa Masijala akawakumbusha, akaenda jikoni kuleta chai.

Alirudi na kikombe, akakwenda nacho moja kwa moja dirishani kama kila mwezi, akapenyeza mkono kwenye tundu la wavu, akasubiri kipokelewe. Mkono ukakaa pale nje, juu ya kiti cha chuma na mto wake wa kijani.

"Wifi," Dada Mkubwa akasema nyuma yake. "Niko huku."

Wakatazamana. Dada Mkubwa akautazama mlango, akakitazama kigoda alichokalia, na kitambaa cha maua kilichokuwa kimemteremkia begani. Alionekana kama mtu aliyekuta jina lake kwenye jalada la mtu mwingine.

"Soma, dada," Masijala akasema, miwani mkononi. "Ishirini na sita."

Dada Mkubwa akafungua ukurasa. "Nukta," akasema. "Avi."