Fundi wa Gitega anayefumua vitabu vyake ili jirani naye aseme

“Mama yangu unamuuza franka elfu moja!” Imelda anapaza sauti, na kijitabu chenye jalada la karatasi ya mfuko wa saruji kinapepea mkononi mwake. “Elfu moja, Shakila! Hata kifaranga hauwezi kukipata kwa hiyo bei!”

“Mi sikuandika jina yake,” anajibu Shakila bila kuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. “Fungua, tafuta. Jina yake haiko humo.”

“Jina haiko! Mwanamke mwenye nyumba juu ya chemchemi, mwenye alikuwa anauza chumvi, huko Gasorwe. Nyumba juu ya chemchemi ziko ngapi? Iko moja! Na mwenye kuzaliwa ndani yake ni mi!”

Ni asubuhi, mtaa wa Nyamugari, mjini Gitega. Majirani wanne wameshatoka nje, mmoja na mswaki mdomoni. Muuza mkaa ameegemeza baiskeli yake ukutani kama mtu ambaye leo hana mteja wala haraka.

“Endelea, Mama Raissa,” anamwambia Imelda. “Huku nyuma hatukusikia vizuri pale kwenye chumvi.”

Shakila ana miaka arobaini na mitatu. Ni fundi wa kushona: sare za shule, magauni ya harusi, mashati yaliyochanika kwapani. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Lakini kila baada ya miezi miwili mitatu cherehani hiyo hiyo hushona karatasi, na kinachotoka ni *Hodi*, kijitabu cha kurasa kumi na sita ambamo watu wa kawaida wanajieleza wenyewe: wao ni nani, wanaishije na wenzao, na nini kibadilike hapo mtaani.

Hakuna mfadhili. Karatasi nne hutolewa nakala kwenye duka la fotokopi karibu na soko, hukunjwa katikati, huwekewa jalada la mfuko wa saruji uliopanguswa vumbi, kisha hupita chini ya sindano nene ya kushonea jinzi. Mshono mmoja tu, katikati ya mgongo.

“Nguo inakusamehe,” anasema Shakila. “Ukikosea unafumua, unapiga pasi, tundu linajifunga. Karatasi, oya, hapana. Tundu inabaki tundu. Ukishona mara ya pili pembeni yake, inakatika kama tikiti ya basi.”

Jambo hilo la matundu lilionekana dogo asubuhi hiyo. Halikuwa dogo.

*Hodi* ilianza kwa hasira. Miaka michache iliyopita Shakila alikwenda kutafuta karatasi fulani katika ofisi moja, na karani akatazama mtandio wake, akasikiliza Kiswahili chake, akamuuliza ametoka nchi gani.

“Mi? Nchi gani? Babu ya babu yangu amezikwa hapa hapa Gitega, kaburi iko, naweza kukupeleka! Lakini pale sikusema kitu. Nilinyamaza kabisa, vraiment, kama mtoto. Nikarudi nyumbani nikaandika.”

Aliandika ukurasa mmoja, akautolea nakala, akauning’iniza kwenye cherehani kwa pini. Wateja waliokuwa wakisubiri kupunguziwa suruali waliusoma. Mmoja akasema yake ni mbaya zaidi, mwingine akamkatiza, na kabla ya adhuhuri chumba kilikuwa kimejaa watu wanaobishana nani aandikwe kwanza. Shakila anapenda sana kusimulia siku hiyo. Anasema hakuna suruali iliyopunguzwa.

Toleo la nne lilihusu bomba la mtaa, ambalo lilikuwa likifunguliwa alasiri tu. Kila mwanamke wa foleni alitoa sentensi yake moja, kisha wakalisoma kwa sauti wakiwa wamesimama hapo hapo bombani. Mtunza ufunguo alinunua nakala tano. Wengine wanasema alitaka zisisambae, wengine wanasema mkewe alikuwemo. Vyovyote iwavyo, sasa bomba hufunguliwa na asubuhi.

Toleo lililomtoa Imelda nje kwa kelele ni la kumi na moja, na mada yake ni majina.

Kwa msomaji wa mbali, ielezwe. Burundi si lazima mtoto apokee jina la baba yake. Kila mmoja hupewa lake la Kirundi, na mara nyingi jina hilo ni ujumbe. Mwingine hutumwa kwa Mungu, mwingine kwa kifo, na mwingine, huu ndio mtamu, kwa jirani msiyesalimiana naye. Huna haja ya kwenda kumtukana. Unazaa, mtoto unampa jibu lako liwe jina, halafu jioni unasimama mlangoni na kumwita kwa nguvu zako zote aje kula.

Shakila alikusanya majina tisa ya namna hiyo. La tano ni la Kastori Bavugamenshi, mkulima wa Gasorwe, mkoani Muyinga, mwenye miaka thelathini na saba. Bavugamenshi maana yake ni “wanasema mengi”. Kastori aliondoka Gasorwe akiwa mdogo mgongoni mwa mama yake, akakulia katika kambi ya wakimbizi upande wa Ngara, Tanzania, na kurudi akiwa kijana. Mama yake alifia huko.

“Mama aliniambia nilipozaliwa baba alikuwa safarini, na jirani wa juu ya chemchemi akatangaza chemchemini kwamba masikio yangu hayafanani na ya mtu yeyote wa nyumba yetu,” anasema Kastori, kwa Kiswahili cha shule ya Tanzania. “Ndipo akaniita Bavugamenshi, ili yule mama alisikie kila siku. Ugomvi wa watu wawili, mimi nimeubeba mpaka kwenye kitambulisho.”

*Hodi* ina sheria moja: hakuna kushona kabla mwenye maneno hajasomewa maneno yake. Kastori alisomewa, akabadilisha neno moja, akakubali. Shakila akashona nakala mia moja na ishirini, tayari kwa Jumamosi, siku anayowasomea watu sokoni Muyinga.

“Ulimsomea yeye,” anasema Imelda, na sasa sauti yake imeshuka, jambo linalowafanya majirani wasogee karibu zaidi. “Mais lakini jina kama ile iko na watu wawili. Mwenye kuitwa, na mwenye kuambiwa. Mama yangu nani alimsomea?”

Cherehani inasimama.

Imelda ana miaka thelathini na mitano, anauza nyanya, na ni jirani wa ukuta mmoja na Shakila. Moto ukizimika kwa mmoja, anagonga ukuta na mwenzake anapitisha kaa la moto. Ndiye msikilizaji wa kwanza wa kila toleo. Hili tu alikuwa msibani lilipokuwa likisomwa. Jana wanawake wawili wa Gasorwe wanaoishi Gitega walilisoma, wakaja kwenye nyanya zake wakicheka.

“Ukizipeleka Muyinga vile ziko, usinigongee ukuta tena,” anasema. “Na kila mtu atajua kwa nini.”

Kila mtu hapo anaelewa. *Hodi* inaishi kwa vinywa vya watu. Siku majirani watakapoanza kuogopa kusema mbele ya Shakila, atabaki na sare za shule peke yake.

Shakila anavua subana ya chuma aliyokuwa amevaa kidoleni. “Basi twende kwa mama yako. Ye aseme, mi niandike. Akikataa, nazichoma mi mwenyewe, we utaniletea kiberiti.”

Ijumaa wanachukua gari kupitia Karuzi. Shakila amebeba furushi la vijitabu na karatasi nyeupe; Imelda amebeba kimya, ambacho kwa mujibu wa Shakila hakijawahi kutokea. Kastori amepigiwa simu, naye amesema atakuja, lakini hatavuka ua wa mama yake Imelda. Tangu arudi kutoka Tanzania hajavuka ua ule.

Mama yake Imelda anaitwa Theodosia. Ni mwembamba, ana macho makali, na nyumba yake kweli iko juu ya chemchemi, kiasi kwamba anayechota maji huchota huku akitazamwa. Anazungumza Kirundi, na Imelda ndiye anayegeuza maneno. Anawaketisha wageni kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa. Nje ya ua, Kastori amesimama na baiskeli yake; kofia tu ndiyo inayoonekana.

Shakila anasoma. Imelda anatafsiri sentensi moja moja, akitazama chini. Inapofika kwenye masikio, anasita.

“Sema,” anaamuru bibi.

Imelda anasema. Kofia nje ya ua haitikisiki.

Theodosia anafikiri kidogo. “Kuna uongo humo,” anasema hatimaye.

“Upi, bibi?” Shakila anashika kalamu.

“Sikuuza chumvi. Niliuza sabuni. Chumvi ilikuwa ya mke wa mwalimu.”

“Na yale ya masikio?”

“Masikio nilisema. Yalikuwa makubwa! Mtoto wa siku nane, masikio kama majani ya boga. Mtu anayaona, anyamaze?” Anainua shingo kuelekea nje. “Kastori! Vua kofia!”

Nje, kofia inavuliwa polepole. Imelda anafunika mdomo kwa kanga. Shakila anaangalia karatasi yake kwa bidii kubwa.

“Ya babu yake,” bibi anatangaza. “Siku hizi naona. Wakati ule babu yake alikuwa anavaa kilemba mpaka masikioni.”

Halafu anamgeukia binti yake. “Na wewe umekuja kunitetea. Jina lako unalijua?”

Imelda anaitwa Imelda Ndabahagamye, “nimewakwama kooni”. Amekua akiambiwa ni kwa sababu mama yake aliugua sana wakati wa mimba, na waliomwombea kifo wakaaibika.

“Niliugua wapi? Sijawahi kuugua,” anasema Theodosia. “Mama yake Kastori alikuwa anasimama pale chini kila jioni: Bavugamenshi! Bavugamenshi, njoo ule! Mwaka mzima na nusu nakula chakula changu na sauti yake. Nilipokuzaa wewe nikasimama hapa nikamjibu. Ndabahagamye! Njoo unyonye!”

“Mama!” Imelda anasema. “Sasa mi ni jibu ya huyu?”

“Na mimi ni swali lako,” anasema Kastori kutoka nje ya ua, kwa Kirundi, na ni mara ya kwanza anazungumza tangu wafike.

Shakila anaandika haraka. Hatoi macho kwenye karatasi.

“Siku walipokimbia vita,” Theodosia anaendelea, “mama yake alipita hapo, huyo mgongoni ingawa alikuwa mkubwa. Hakuwa amenisalimia miaka mitano. Akaniambia, maharage yangu yako motoni, kayachukue, yakukwame. Akaenda. Nilikwenda nikayachukua, na sufuria yake. Tulikula siku mbili, na huyu Imelda alikula. Watu hawakuwa na kitu siku zile.” Anapangusa mkeka kwa kiganja. “Mwandike na hilo. Yeye kwenye kitabu chake hakulisema.”

“Sikulijua,” anasema Kastori. “Mama hakunieleza habari ya sufuria.”

“Bado ninayo.”

Hapo Imelda anaacha kutafsiri na kuuliza lake mwenyewe. “Huyu amerudi miaka yote hii. Kwa nini haukumrudishia?”

Bibi anamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, na kupeleka chakula kwenye nyumba ambayo haijakukaribisha hakufanyiki. Naye Kastori hakuwahi kupiga hodi. Basi sufuria ilingoja.

Shakila anasoma alichoandika. Theodosia anasahihisha sabuni kwa mara ya pili, ili asiwepo wa kukosea, kisha anakubali. Imelda anasomewa naye, kwa sababu sasa jina lake limo. Anakubali akitaka iongezwe kwamba anauza nyanya nzuri, na zinapatikana Nyamugari kila siku.

Zitakuwa kurasa nne mpya, karatasi ya tano, itakayoingia katikati kabisa. Hapo ndipo matundu yanaporudi. Cherehani haitafaa tena. Nakala zote mia moja na ishirini itabidi zifumuliwe na kushonwa kwa mkono, sindano ikipita kwenye matundu yale yale. Jumamosi hii sokoni Muyinga atasoma tu, bila kuuza. Vijitabu vitafuata baada ya wiki mbili.

“Mi nitashona nusu,” anasema Imelda.

“We? Kifungo tu kinakushinda.”

“Utanifundisha. Au nisigonge ukuta?”

Shakila ana mpango. Anataka mwakani apate chumba kidogo mtaa wa Waswahili mjini Muyinga, na benchi mbili, mahali ambapo wakulima wa Gasorwe na Butihinda waliokulia Tanzania wataketi na watu wa mjini na kusomeana kabla ya chochote kushonwa. Na ameongeza sheria ya pili ya *Hodi*: kila hadithi itasomewa pia yule anayesemwa.

“Itachelewesha, najua. Vitabu vitakuwa vichache,” anasema akifunga furushi. “Lakini ona vile karatasi ya tano imekuwa tamu kuliko zile nne. Kumbe nilikuwa nauza nusu ya umbea, donc.”

Harufu ya maharage na ndizi inatoka ndani. Theodosia ameinuka bila kuaga. Anamwambia Imelda amweleze mgeni Mwislamu kwamba hakuna nyama kwenye chungu chochote humo, asiogope. Kisha anatokea mlangoni, mwiko mkononi, na badala ya kuangalia wageni waliomo uani anatazama juu ya ua, anavuta pumzi, na kuita kwa sauti inayofika mpaka chemchemini, ambako wanawake wawili wanaacha kuchota.

“Bavugamenshi! Njoo ule!”

Baiskeli inalazwa chini. Kastori anasimama kwenye mwanya wa ua, kofia mkononi, masikio nje.

“Nimeshakula, bibi.”

“Uongo. Ingia. Maharage yamo kwenye sufuria ya mama yako, na haitoki humu mpaka uitoe wewe, ukiwa umeshiba.”