Siku Maji ya Kwenye Kioo Yalipogoma Kupanda

Wajukuu zangu, chekeni mapema mmalize, maana kwa aibu niliyoipata hospitali ya Tabora enzi za Mwingereza, mpaka leo nikipita pale najifunika kanga usoni.

Babu yenu Kasanda alilazwa kwa kifua kikuu. Wakawa wanamchoma sindano ubavuni, sindano ina mpira, mpira umeenda kwenye bomba la kioo lenye maji, akipumua maji yanapanda yanashuka, hapo daktari anajua kule ndani pembeni ya pafu pakoje, ndipo atie hewa ya kulipumzisha. (Hayo niliambiwa baadaye, siku ile nilijua nini mie!) Basi nikasema leo nimuwahishie uji kabla ya saa ya kuona wagonjwa, nachungulia dirishani, namkuta nesi Salome, binti wa meno meupe, kaweka mkono mbavuni kwa mume wangu, "Vuta, baba, taratibu, hapo hapo, vizuri," maji yanapanda, na wote wawili wanayatazama kama maharusi. Uji wangu hajawahi kuutazama vile!

Nikaingia. "Kumbe akikushika huyu maji yanapanda! Haya, na mimi nikushike tuone!"

Nikamdaka mume wangu mkono. Maji tuli. Hayapandi, hayashuki. Nikajua basi, mie sipendwi, nikaangua kilio, "Mume wangu weee!" Ndugu wa wagonjwa waliokuwa wanapika nje wakakipokea, wodi nzima msiba, mwenye baiskeli huyo mbio kijijini kwetu Kwihara kupeleka habari za kifo, huku daktari Mzungu anafoka, "Wewe, pumua! Pumua!"

Kasanda akapumua. Maji yakaruka nusura yamwagike.

"Baba, ulibana pumzi ya nini?" Salome akamuuliza.

"Si namwogopa huyu? Nilijua yakipanda tena atasema nakupenda wewe."

Wodi ikacheka mpaka wanakohoa. Nafika nyumbani, majamvi yametandikwa, mama mkwe kashikiliwa na wanawake, mbuzi keshachinjwa.

"Mama, yupo. Nimemwacha anakunywa uji."

"Sasa wewe mwali ulikuwa unalia nini?"

"Maji, mama. Yaligoma kupanda."

Mama mkwe akamtazama mbuzi tu. Kesho yake nilimpelekea Salome paja zima la mbuzi yule, nikampa huku nimeinamisha kichwa kwa aibu. Toka hapo nimeapa: mume wangu akipumua, namshukuru Mungu, sitaki kujua anampumulia nani.