Siku niliyorudisha sanda dukani

Leo nimerudisha pasi dukani, wakanikata hela ya usumbufu. Binti yangu akashangaa: "Mama, mbona hubishani?"

Jamani, ubishi wangu niliuacha Shinyanga mjini, miaka ya themanini.

Zilitufikia habari kutoka Masumbwe kwamba babu amefariki. Nikakimbilia dukani, nikakatiwa bafta ya sanda, tusafiri nayo asubuhi.

Kumbe mzee alizimia tu! Jioni akashuka jirani yake kwenye lori, anatuambia babu kaamka na anadai uji.

Kesho yake nikairudisha ile bafta. Mwenye duka akanirudishia pungufu. Eti imeshakatwa, na sanda ya mtu hainunuliwi na mwingine.

Nikawaka. Hata ile shikamoo niliyoingia nayo niliisahau. "Mtu wenyewe hajafa, unanikata ya nini?"

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja, kajitanda kanga, anasubiri zamu yake.

Akaniambia taratibu, "Mwanangu, mimi nimekuja kuchukua ya kijana wangu. Ningekuwa narudisha kama wewe, wangenikata hela zote na ningeshukuru."

Nikazipokea zilizobaki bila kuzihesabu.