Chupa ya Sheri Iliyozeekea Lemara

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaosema ni mvivu, lakini hao hawajui kutofautisha. Mvivu hafanyi kazi. Mimi nashona mapazia sebuleni, napokea wateja sebuleni, nakula sebuleni, na nikichoka nahamia kiti cha pili, sebuleni vilevile. Elimu yangu ni kidato cha nne, na cheti nimekihifadhi vizuri mno, mahali ambapo hakuna atakayekiona. Ukimwachia mtu wa aina hii chupa ya mvinyo wa miaka thelathini ndani ya kabati, hatua nne kutoka kwenye cherehani yake, usiseme umehifadhi mvinyo. Umempa shughuli.

Chupa haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu mkubwa, mwenye nyumba hii ya Lemara, Arusha, ninayoilinda kwa kutotoka ndani yake. Dada ni mpishi. Kwa miaka mingi alipika kwenye lodge za watalii, na miaka yote hiyo alikuwa mpishi wa pili. Analetwa mwanamume kutoka mbali amevaa kofia ndefu, dada anapika, kofia inapigiwa makofi. Msimu ulipokuwa mbaya wakapunguza wafanyakazi, na unajua tena, kofia hazipunguzwi. Dada akarudi nyumbani na visu vyake vimefungwa kwenye taulo. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja: jiko ambalo yeye ndiye mkubwa wake.

Jiko hilo lilikuja kwa miguu yake, Jumapili moja baada ya ibada. Mzee mmoja Mhispania aliyekuwa mgeni wa mara kwa mara pale lodge alikuwa anajenga nyumba ndogo ya wageni huko Kisongo. Alikuwa amegundua siku nyingi kwamba chakula anachokipenda hakipikwi na kofia. Akamtafuta dada mpaka akampata. Mama alikuwepo pia, ameshuka na mkungu wa ndizi kutoka shambani kwetu kule mlimani, kwa hiyo tulikuwa wanne mezani. Mzee yule alizungumza Kiswahili alichojifunza kwa madereva wa mbugani, Kiswahili chenye breki kali na honi nyingi.

Alitoa chupa nyeusi, fupi, nzito. Akasema ni sheri tamu, mvinyo wa miaka thelathini kutoka kwao kusini mwa Hispania, ukoo wake unaitengeneza tangu mababu. Dada akamwuliza inatengenezwaje. Hapo mzee akasahau chakula.

"Zabibu tunakata, tunaweka chini, juu ya mkeka. Jua linapiga. Siku nyingi. Mpaka zinakuwa mikunjo, kama mimi."

Mama, ambaye ameanika kahawa maisha yake yote, akaweka kijiko chini.

"Na usiku mnafunika?"

"Tunafunika, mama. Umande mbaya sana."

Mama akatugeukia. "Hawa ni watu wa maana," akatangaza, na Hispania ikawa imepita mtihani.

Mzee akaendelea. Zabibu zile zikishakauka zinakamuliwa, utamu wake unatoka mzito kama asali, unatiwa pombe kali kidogo, unaingia kwenye mapipa ya mbao. Mapipa yanapangwa safu tatu, moja juu ya nyingine. Chini kabisa kuna mvinyo mzee kuliko wote. Ukitaka kujaza chupa, unachota pipa la chini, lakini kidogo tu. Ulichopunguza unakijazia kutoka safu ya pili. Ya pili unaijazia kutoka ya juu. Ya juu ndiyo inayopokea mpya. Hakuna pipa linalomalizwa hata siku moja. Kwa hiyo ndani ya chupa hii, akasema akiigonga kwa kucha, kuna tone la babu wa babu yake.

Mimi nilisikiliza kwa umakini ambao walimu wangu wa sekondari hawakuwahi kuuona. Na nilichoelewa ni hiki: unakunywa, halafu unaongezea. Ndiyo mila yenyewe. Mzee amesema kwa mdomo wake.

Aliposimama kuondoka akamkabidhi dada ile chupa. "Usifungue. Mwakani ninarudi, nyumba itakuwa imekwisha. Nipikie kitu kitamu cha kukaa na hii. Nikipenda, jiko la Kisongo ni lako. Hakuna mtu juu yako."

Dada akaiweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Akanitazama mimi, siyo kabati.

"Umesikia, baba sebule? Isiguswe."

"Mimi? Mimi hata soda inanipa kiungulia."

Nilijizuia miezi mitatu, na ningependa hilo liandikwe mahali. Kisha ikaja baridi ya Juni. Asiyeijua baridi ya Arusha anadhani sisi wote tuko Afrika. Mlima unajifunika wingu wiki nzima, na mshonaji mwenye kikohozi anakaa peke yake nyumbani kwa sababu dada amekwenda kupika kwenye harusi ya watu. Niling'oa kizibo, nikamimina kijiko kimoja. Cha dawa.

Sitajaribu kueleza. Ilikuwa nyeusi, ikashuka polepole kwenye kijiko kama haitaki kuondoka. Zabibu kavu, tini, sukari iliyoungua, kahawa ya mama, vyote vimekaa pamoja muda mrefu mpaka vimeacha kugombana. Kikohozi hakikupona. Kilihitaji kijiko cha pili.

Nikaongezea, bila shaka. Mimi siyo mwizi, mimi ni mtu wa mila. Mara ya kwanza niliongezea chai ya rangi iliyokolea. Chupa ilikuwa nyeusi, nani angeona? Mwezi wa Julai nikawa nimeongezea chai mara tano, na hata mimi nikaanza kuonja lipi ni tone la babu na lipi ni la majani. Nikaona aibu. Babu wa babu wa mtu hawezi kuoga kwenye chai. Basi nikaingia kazini kwelikweli. Nilichemsha zabibu kavu, nikaunguza sukari kwenye sufuria, nikatia konyagi, nikachuja kwa kipande cha pazia. Nikajaza madumu matatu ya lita moja moja na kuyapanga chini ya cherehani: mzee, wa kati na mpya. Mzee alikuwa na umri wa wiki mbili. Kutoka kwa mzee najazia chupa, kutoka kwa wa kati najazia mzee, yaani utaratibu wote wa Hispania, isipokuwa jua, mbao, ujuzi na miaka thelathini.

Mwaka ukaisha. Kwa hesabu yangu, tone la babu lilikuwa bado limo. Moja.

Mzee akapiga simu: anakuja Jumamosi mchana. Dada alipokata simu alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono juu ya kichwa, akicheka na kulia kwa zamu. Sijawahi kumwona hivyo. Kisha akainuka, akapiga pasi aproni. Akaipiga tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu vijiko. Siku ya Jumatano nilifanya jambo ambalo majirani bado wanalizungumza: nilitoka nyumbani. Nilikwenda mjini, nikaingia maduka matatu makubwa nikiuliza sheri tamu ya Hispania ya miaka thelathini. Duka la tatu kijana wa kaunta aliniuliza, "Ya kunywa au ya kupaka?" Nikarudi Lemara.

Alhamisi nilijikaza. Dada alikuwa anapepeta unga.

"Dada."

"Nini?"

"Kuna jambo."

Akanitazama, unga mpaka kwenye nyusi. Uso ule wa ngazini bado ulikuwepo.

"Nyanya zimekwisha," nikasema.

"Kanunue basi, si siku hizi unatembea?"

Jumamosi mama alishuka na ndizi za mzuzu, zimeiva mpaka ngozi nyeusi. Mzee akaja saa saba, amevaa shati lililonyooka. Dada akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa fahari ya mtu aliyejifunza neno na kulilipia. Tukala nyama, tukala ndizi mshare za kupikwa na maziwa, kila kitu kikaenda vizuri hadi nikaanza kumchukia Mungu kwa kunipa matumaini. Dada akaleta cha mwisho: mzuzu zilizookwa kwa siagi na iliki, na kibakuli cha mchuzi mweusi aliouchemsha kutoka kwenye chupa. Mchuzi ulikwisha kupikwa. Ungemwagwa juu, ungeliwa, tungeshukuru. Nilianza kupumua.

"Na chupa yenyewe?" mama akauliza. "Mgeni ameleta pombe yake, mtampa mchuzi tu? Leteni glasi."

"Mama, si lazima," dada akasema haraka. Nilishangaa kidogo kwa haraka ile.

"Ni lazima." Mama ni Mlutheri wa kutoonja hata togwa iliyolala ikachacha, lakini adabu ya pombe anaijua kuliko wanywaji. "Na kwetu, mzee, pombe haitolewi kwa mgeni mpaka mwenyeji aionje kwanza, aseme mbele ya watu kwamba ni safi. Ndivyo ilivyo. Baba, onja."

Baba ni mimi. Mwanamume pekee wa nyumba, mwenyeji, mdhamini wa kilichomo ndani ya glasi. Dada alimimina. Mkono wake ulikuwa umetulia, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Nikaonja. Ilikuwa konyagi, chai na Juni yote.

"Sema basi," mama akasema. "Mgeni anangoja."

Nilikuwa na neno moja la kusema: safi. Kama ningelisema, mzee angekunywa, angejua kabla hajameza, na angemtazama dada, kwa sababu ndiye aliyeachiwa chupa. Wao wote wangemtazama dada.

"Siyo safi," nikasema. "Siyo sheri. Nimeinywa mimi. Nilikuwa nachota na kujazia, mwaka mzima. Dada hajui chochote. Hii ni zabibu kavu na chai. Nimetengeneza hapo, chini ya cherehani."

Mama alisema neno moja la Kimeru ambalo sitalitafsiri, na sikujua kama Walutheri wanalijua.

Mzee alichukua glasi mkononi mwangu. Akanusa. Akaonja kidogo, akaitembeza mdomoni, macho yamefumbwa, na uso wake ukapitia mambo mengi.

"Kwetu," akasema mwishowe, "babu yangu alifukuza mtu kwa kosa dogo kuliko hili. Yule aliweka maji. Wewe umeweka..." akatafuta neno, "...bidhaa."

Akaweka glasi chini. Hakuitazama tena. Akavuta sahani ya ndizi, akamwaga mchuzi, akala. Tuliangalia uma ukipanda na kushuka. Akamaliza. Akaongeza. Halafu akamgeukia dada.

"Mchuzi huu, chai siisikii. Una kahawa. Chumvi. Umeuficha uchungu wake ndani ya uchungu mwingine. Mama mpishi, wewe ulijua?"

Dada alifuta mikono kwenye aproni ambayo haikuwa na doa.

"Nilijua tangu Agosti, mzee. Mimi ni mpishi, pua ninayo. Nilingoja huyu aseme mwenyewe." Hakunitazama. "Juzi nikaona hasemi. Akaja na habari ya nyanya. Basi nikapika kwa kilichopo. Sikutaka kukutolea glasi kwa sababu glasini haifichiki."

"Ungeniambia?"

"Baada ya kula, ndiyo. Sikutaka unihukumu kwa chupa kabla ya sahani."

Mzee akafuta mdomo. Akasema kule Kisongo gari la mizigo litachelewa, umeme utakatika, mboga zitakuja zimelala, na wapishi wawili aliowajaribu walikuwa wanampigia simu kulalamika. Hajawahi kumpata anayepika kwa kilichopo na bado chakula kikasimama. Akamwambia aanze Jumatatu. Miezi mitatu ya kujaribiwa, jiko lake, hakuna wa juu yake. Ufunguo wa stoo ya vinywaji atakaa nao mwenyewe, na ndugu, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aweke glasi chini, hafiki Kisongo.

Dada hakulia safari hii. Alisema tu, "Ahsante, mzee, nitakuwepo saa kumi na mbili asubuhi," kisha akakusanya sahani, na zilipofika jikoni nikasikia zikigongana kwa furaha.

Mimi alinisamehe njiani kuelekea kituoni Jumatatu ile, nikimbebea begi. Alisema amenisamehe kwa sababu nilifungua mdomo wakati kuufungua kulikuwa kunaniuma, na kwamba angekuwa na sababu ndefu zaidi ya kunichapa kama nisingefungua. Kisha akaniambia kitu ambacho, katika hekaheka zote zile, sikuwa nimekifikiria hata kidogo: anahamia huko huko kwenye chumba cha wafanyakazi, atakuwa anakuja Jumapili.

Nilikuwa nimempigania mpishi wangu aondoke.

Miezi mitatu imekwisha, amethibitishwa. Jana alipiga simu mchana. Nyuma yake kulikuwa na masufuria na watu wanamwuliza hiki kiende wapi, kile kiwekwe lini, naye anawajibu bila kuondoa simu sikioni.

"Umekula nini?" akaniuliza.

"Wali."

"Wali na nini?"

Nikafunua sufuria, nikaangalia vizuri, nisije nikadanganya.

"Wali na wali."

"Pole," akasema. "Nina watu kumi na wawili mezani," na akakata.